Lugha Niliyokukataza

Kinyinya, jioni

Ineza mwanangu,

Wewe na mama yako mmeshuka Nyamirambo kuwaaga wajomba, na najua hamtarudi mapema, kwa sababu kila nyumba mtakayoingia kule itawalazimisha chai. Huku nyumba imenyamaza. Begi lako kubwa limesimama karibu na mlango. Lile dogo mama yako amekuwa akilifungua na kulifunga tangu asubuhi, kila mara akiongeza kitu. Mambo ya dawa, chakula cha njiani, na nani wa kumpigia simu ukifika Dar es Salaam, ameshakueleza yeye, tena vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Sitayarudia.

Mimi nakuandikia kwa sababu ya neno lililonikaa kooni tangu jana. Wageni waliokuja kukuaga walipokuwa wakila, yule mwenzako wa ofisini alisimama akakusifu. Alisema michoro yako haifanani na ya wengine kwa kuwa umekulia katikati ya tamaduni nyingi: mama Mwislamu wa Nyamirambo, baba Mkristo aliyelelewa Tanzania, shule ya Kiingereza, mtaa wa Kinyarwanda. "Ineza ana bahati," alisema, "nyumba yao ilimpa vyote." Watu wakapiga makofi. Wewe ulinitazama mara moja tu, kisha ukainamia sahani yako. Na mimi nilipiga makofi pamoja na wengine.

Nyumba yetu haikukupa vyote. Wewe unajua na mimi najua. Kimoja nilikunyima kwa kinywa changu mwenyewe, ukiwa bado mdogo. Usichokijua ni kilichokuwa moyoni mwangu siku ile, na sitaki ufike Dar es Salaam bila kukijua.

Niliingia Kigali nikiwa kijana, kutoka Ngara nilikozaliwa ukimbizini. Kiswahili changu kilikuwa safi, cha shule. Kinyarwanda nilikuwa nakielewa, ila ulimi wangu ulikuwa haujakizoea. Wiki ya kwanza nilikwenda kwa shangazi wa baba yangu, nikakaribishwa mezani, watu wamejaa. Nikataka kuwaambia kwa heshima kwamba nimekuja kuwatembelea. Unalijua neno lenyewe, gusura: ukilivuta kidogo tu, halimaanishi tena kutembelea, linamaanisha kutoa upepo. Nililivuta. Meza nzima ilicheka mpaka shangazi akajifuta machozi. Leo nalisimulia na mimi nacheka. Siku ile nilirudi nilikolala nikaapa sitafungua tena kinywa mbele ya watu.

Lakini kazi ilinitaka nifungue kinywa. Niliajiriwa kibarua kwenye majengo, na mafundi walipogundua lafudhi yangu wakapata mchezo. Nikisema jambo, mmoja anasema, "Sema tena." Nikisema tena, wanacheka. Hawakuwa watu wabaya, Ineza. Tuligawana maharage yetu mchana, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma ramani za majengo. Hawakujua tu kwamba lile "sema tena" nilikuwa nalala nalo. Nilijifunza Kinyarwanda kama mtu anayekimbizwa. Nilirudia maneno njiani, nikioga, nikipanda ngazi na ndoo ya zege. Na ndani yangu nikaanza kukichukia Kiswahili, kana kwamba ndicho kilichonichongea.

Mahali pamoja tu nilipumua. Nilipanga chumba Nyamirambo kwa bibi yako Mwajuma. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Ujiji aliyeletwa Kigali na ndoa, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha sokoni: bei, salamu, na matusi mawili matatu ya kujilinda. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni pake nikijikanyaga, nikichanganya Kinyarwanda na Kiswahili, nisijue nianzie wapi. Akaniambia, "Sema unavyojua, baba. Sisi tutaelewa." Sijasahau mpaka leo. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake ameshika kikapu cha vitunguu. Huyo ndiye mama yako.

Nilipotaka kumwoa, ndugu zake walitaka nibadili dini, na ndugu zangu walisema hawatakanyaga. Bibi yako ndiye aliyesimama kati. Aliwaambia wajomba, "Mimi mwenyewe niliolewa mbali na kwetu, kwa watu nisiojua hata salamu yao. Mwacheni kijana wa watu." Tukaoana ofisini kwa serikali, yeye akiwa shahidi. Nataka ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata, kwa sababu mimi nililisahau.

Ulipoanza kusema ulisema vyote kwa pamoja. Ulikuwa unaomba maji kwa Kiswahili, unakataa kulala kwa Kinyarwanda, unahesabu kwa Kiingereza ulichokiokota kwa watoto wa jirani. Sisi tulikuwa tunacheka kwa furaha. Kisha ukaanza shule ya watoto wadogo, na siku moja mwalimu akaniita kando. Alikuwa msichana mpole, hakuwa na nia mbaya. Akaniambia, "Mtoto huyu hana lugha. Wenzake wanamcheka. Wakimwuliza kitu anawajibu kwa maneno wasiyoyajua, halafu wanamwambia arudie."

Wanamwambia arudie. Ineza, niliposikia hilo nilihisi zege kichwani, nilihisi ile ngazi. Sikuuliza zaidi. Jioni ile nilimwambia mama yako kuwa kuanzia leo ndani ya nyumba hii ni Kinyarwanda, na shuleni Kiingereza. Kiswahili basi.

Mama yako aliacha kuosha vyombo. "Na mama yangu ataongea na mtoto kwa lugha gani?"

"Atajifunza."

"Faustini, yule ni mtu mzima. Unataka aanze leo?"

"Mimi nilianza."

Akasema, "Na ona ulivyo," akarudi kwenye vyombo vyake.

Mwaka ule ule tulihamia huku Kinyinya, nyumba ikiwa bado haina dari. Niliwaambia watu tumefuata nafasi. Nilikuwa nakutoa Nyamirambo, nakutoa kwenye vibaraza ambako kila mtu angekuita kwa Kiswahili.

Bibi yako alikuwa anakuja kila Jumapili kwa basi. Jumapili ya kwanza nilimweleza mpango wangu. Nilitumia maneno mazuri, nikamtaja mwalimu, nikataja maisha yako ya baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa bado na mtandio wake kichwani. "Nyumba ni yako, baba," akasema. Basi. Kuanzia hapo alikuwa akiingia, anakusalimu kwa lile neno moja la Kinyarwanda aliloliweza vizuri, anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, anatoa uzi wake anatarizi.

Unavikumbuka vile vitambaa vyake vya kufunikia viti. Kitambaa cha matundu ya mraba, sindano, uzi mwekundu au wa kijani, na pembeni daima maneno. "Mgeni njoo." "Subira." Jina lake. Kila herufi ilijengwa kwa vijimshono vya mraba, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepanga matofali. Wewe ulikuwa unaburuta kigoda chako unakaa miguuni pake. Hakusema na wewe hukusema. Nilikuwa napita sebuleni nawaona mmeinama pamoja juu ya kile kitambaa, na nilijisemea moyoni kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Hayakwenda vizuri. Ulikuwa umenyamaza. Kinyarwanda chako kilinyooka, ndiyo, lakini ulikitumia kwa uchache, kama mgeni anayeogopa kumaliza sukari ya wenyeji. Hata mimi uliacha kuniita Baba, ukaanza kuniita Papa kama watoto wengine wa mtaa. Mwalimu wako mpya aliandika kwamba wewe ni mtoto mtulivu. Tulilipokea kama sifa.

Kile ulichokuwa husemi ulikuwa unakichora. Nilikuwa naleta nyumbani ramani za zamani za majengo, karatasi kubwa, na wewe ukachukua migongo yake. Siku moja nilibeba ramani mpaka kazini, nikaikunjua mezani mbele ya wahandisi. Nilikuwa nimeilaza upande usio wake. Karatasi nzima ilikuwa imejaa herufi: MGENI NJOO, kwa miraba, kubwa na ndogo, nyembamba na nene, nyingine umeziegemeza, nyingine umezifungua katikati zikawa kama madirisha. Mhandisi mmoja akauliza, "Nani amechora hizi?" Nikajibu, "Mtoto, anacheza," nikaigeuza haraka. Jioni nilikugombeza kwa kuharibu ramani ambayo haikuwa na kazi tena. Ukweli ni kwamba niliona aibu, kwa sababu maneno yalikuwa ya Kiswahili. Sikuona kwamba zile herufi zilikuwa nzuri. Yule mhandisi ndiye aliyeona.

Halafu bibi yako akaugua. Kiharusi kilimchukua upande mmoja, na kikachukua pia kile Kinyarwanda kidogo alichokuwa nacho. Daktari alisema hutokea hivyo: lugha aliyojifunza mtu ukubwani huweza kuondoka kwanza. Kikabaki Kiswahili cha Ujiji, nacho kikiwa kimepinda kidogo mdomoni. Nilikupeleka kumwona. Ulikuwa msichana wa darasa la nne, umevaa sare.

Alikugeukia, akakusemesha kwa Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote ile. "Umeshiba, mwanangu? Usikae na njaa kwa ajili yangu."

Ukanitazama mimi. "Papa, avuze iki?"

Bibi yako anakuuliza kama umeshiba, na wewe unaniuliza mimi amesema nini. Nikasimama kati yenu kama mkalimani wa mahakamani. Nikakutafsiria. Ukajibu, nikamtafsiria. Mama yako alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda na hakunisaidia hata kwa neno moja, na alikuwa na haki.

Kisha bibi akasema, akinitazama mimi, "Mwambie anisamehe. Nimekaa naye miaka yote, sikumsemesha."

Unakumbuka kwamba nilitoka nje. Nilitaka nimwambie bibi yako aliache neno lile, kosa si lake. Lakini nilirudi nikakutafsiria, sikupunguza kitu. Ulishika kiganja chake, kile cha upande uliokuwa bado una nguvu, ukaanza kuchora juu yake kwa kidole. M. Kisha W. Ulichora jina lake lote kama lilivyokuwa pembeni ya vitambaa, mraba kwa mraba, na yeye akafumba macho akawa anazitaja herufi moja moja kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Alipofika mwisho alicheka. Mnayo lugha, nikajisemea. Mlikuwa nayo siku zote, na mliitengeneza chini ya pua yangu kwa kuwa nilikuwa nimewafungia ile nyingine.

Baada ya matanga yake uliniambia, "Baba, nifundishe." Ulisema Baba. Nilikaa na wewe hapa hapa kwenye meza hii, nikakufundisha lugha ambayo ulikuwa nayo ukiwa na miaka mitatu. Nilikuwa mwalimu mkali, unajua. Nilikusahihisha kila ngeli. Hata katika kutubu nilikuwa nataka mtoto asichekwe.

Sasa nije kwenye kliniki, kwa sababu hapo ndipo nilipokuelewa, na pia ndipo nilipokukosea mara ya pili.

Ulikuwa umemaliza masomo yako ya usanifu wa michoro na unafanya kazi katika ile ofisi ndogo ya matangazo. Mimi nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa kliniki ya mtu binafsi kule Nyamirambo, na ofisi yenu ikapewa vibao vya maelekezo. Nilijivuna. Niliwaambia mafundi, "Yule dizaina ni binti yangu." Lakini nilikuona unafanya mambo ya ajabu. Badala ya kukaa kwenye kompyuta, ulikwenda kukaa kwenye mabenchi ya zahanati ya zamani, asubuhi mpaka mchana, pamoja na akina mama. Nilikuuliza unafanya nini pale. Ukasema, "Naangalia watu wanavyopotea."

Ulirudi na michoro. Kila kibao lugha tatu, Kinyarwanda, Kiswahili na Kiingereza, herufi za unene mmoja na kimo kimoja, hakuna lugha iliyokalishwa miguuni pa nyingine. Na kando ya maneno, picha. Nilisoma Kiswahili chako nikachukua kalamu. Ulikuwa umeandika "Kupima damu". Nikakata, nikaandika "Maabara".

"Baba," ukasema, "pale Nyamirambo nani anasema maabara?"

"Ndiyo Kiswahili sanifu."

"Mgonjwa hatafuti Kiswahili sanifu. Anatafuta mahali pa kupima damu."

Nikakurudishia karatasi yako. Hilo ulinishinda, na sikuumia sana.

Kilichoniuma ni kikao. Mwenye kliniki, mzee aliyerudi kutoka Uganda na akiba yake ya maisha yote, aliitazama michoro yako akatikisa kichwa. "Binti, mimi najenga kitu ya kisasa," akasema. "Weka Kiingereza tu. Sitaki ifanane na soko."

Wewe ukamjibu kwa upole, lakini ukamjibu. "Mzee, sokoni watu hawapotei."

Mzee akanigeukia mimi, si wewe. Na mimi, mbele ya mafundi wangu, mbele ya bosi wako, nikakuambia kwa Kinyarwanda, "Ceceka." Nyamaza. Nilikwambia kwa sauti ambayo baba humwambia mtoto aliyevunja kikombe. Ulikusanya karatasi zako, ukatoka. Wiki nzima ulikula chumbani.

Nilijitetea moyoni kwamba nalinda kazi yako. Mteja ni mteja. Lakini mara nyingi nimejiuliza ni kitu gani kilinitisha pale, na sipati jibu jingine ila hili: ulikuwa umesimama katikati ya watu ukasema unavyojua, bila kuogopa kuambiwa urudie. Sikuwahi kuweza hivyo. Badala ya kukuonea fahari nilikunyamazisha.

Kliniki ilifunguliwa, vibao vya Kiingereza viking'aa. Siku ya pili nilikwenda kukagua mlango uliokuwa unakwama. Kwenye korido alikuwepo mama mmoja mtu mzima, amebeba mjukuu mgongoni, ameshika kikaratasi cha daktari. Alikuwa amesimama mbele ya mlango ulioandikwa vizuri kabisa, anautazama kama ukuta. Akapita, akarudi. Akapita tena. Aliponiona akajaribu Kinyarwanda kikamshinda, akasema, "Papa, niko natafuta fasi banapimaka damu. Mutoto iko na homa tangu jana."

Alikuwa wa Goma. Mlango ulikuwa mbele yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Ni hapa, mama. Umefika." Akashusha pumzi, akaniambia, "Aksanti. Nilizani minapotea."

Nilimfungulia mlango. Nilimwona bibi yako pale. Nilijiona mimi mlangoni kwake nikijikanyaga. Nikakuona wewe ukiwa umevaa sare, unauliza amesema nini. Nikapanda ghorofani kwa mwenye kliniki.

"Mzee, vile vibao vya binti yangu. Nakuomba uviweke."

"Si ni wewe ulimwambia anyamaze?"

"Ndiyo mimi. Aliyekosea ni mimi, siyo yeye."

Alinizungusha sana, aliongea juu ya gharama na juu ya sura ya jengo. Mwishoni akasema, "Chini tu. Juu uniachie Kiingereza yangu." Ndivyo ilivyo mpaka leo: chini watu wanakwenda moja kwa moja, juu wanazunguka wakiuliza.

Nilikuja chumbani kwako jioni ile nikakuomba msamaha. Wewe hukusema "haidhuru". Uliniuliza yule mama alisimama umbali gani kutoka mlangoni, na mtoto alikuwa mgongoni au kifuani, na macho yake yalikuwa yanatazama juu au chini. Ukaandika. Kisha ukasema, "Basi kibao kishuke kidogo." Nadhani huo ndio ulikuwa msamaha wenyewe.

Na usisahau kwamba hata wewe ulikosea. Ile picha yako ya tone la damu kwenye mlango wa kupima, watu waliidhani bomba la maji, wakawa wanaingia na chupa tupu. Ulikwenda ukakaa tena kwenye benchi, ukachora upya: kidole, na tone juu yake. Nilipenda jinsi ulivyocheka siku ile. Ulijicheka mwenyewe na hukufa.

Picha za vile vibao ndizo ulizowatumia wale wachapishaji wa vitabu vya watoto kule Dar es Salaam, na ndizo zilizowafanya wakuite. Kwa hiyo jana yule mwenzako aliposema nyumba yetu ilikupa vyote, nilitaka kusimama nimsahihishe. Kukulia kati ya watu wengi hakukukupa rangi nzuri wala mapambo. Nimekutazama unavyofanya kazi. Wewe, kabla hujagusa chochote, unauliza nani atasimama hapa asielewe. Swali hilo hukufundishwa chuoni. Ulilipata kwenye kigoda, miguuni pa mwanamke aliyekupenda na asiyeruhusiwa kukusemesha. Ni zuri, limekupa kazi, na limewasaidia watu. Lakini bei yake ulilipa wewe na bibi yako, na aliyepanga bei ni mimi. Sitaki ulishukuru lile nililolifanya. Lishukuru lile mlilolitengeneza nyinyi wawili.

Mashauri sina mengi. Huko uendako utakuwa mgeni kwa namna nyingine. Kiswahili chako kina Kigali ndani yake, na kuna watakaokusikia wakatabasamu. Wengine watakuambia urudie. Mimi nilipoambiwa hivyo niliikata sehemu yangu moja nikaitupa, halafu nikaja kukukata na wewe mahali pale pale. Ukiambiwa urudie, rudia, mwanangu, kama ulivyorudia lile tone. Usitupe kitu.

Limebaki moja. Jumapili iliyopita uliniuliza, kwa kuwa basi lako linapita Ngara, kaburi la baba yangu liko upande gani wa barabara. Nikakwambia sikumbuki. Mama yako alinitazama, kwa sababu anajua.

Baba yangu alikuwa anasema nami Kinyarwanda. Kule ukimbizini alikuwa hana ng'ombe tena, hana kilima chake, alikuwa na lugha hiyo tu ya kunirithisha. Na mimi shuleni nilikuwa naitwa mkimbizi, kwa hiyo nilikuwa namjibu kwa Kiswahili. Kila jioni nikitoka shule alikuwa ameketi mbele ya nyumba, ananiuliza, "Wiriwe ute?" Umeshindaje. Namjibu, "Salama," napita ndani. Mwanzoni alikuwa ananisihi nimjibu kwa Kinyarwanda. Baadaye akachoka. Aliendelea kuuliza kwa lugha yake na mimi kujibu kwa nyingine, mpaka akafa. Siku ya mazishi nilipewa nafasi ya kusema neno. Nilisema kwa Kiswahili, na wazee wakainamisha vichwa.

Kwa hiyo kule nilikuwa na aibu ya Kinyarwanda, na huku nikawa na aibu ya Kiswahili. Niliuvuka mto Akagera nikidhani aibu nimeiacha ng'ambo, kumbe iligeuka upande tu. Ndiyo maana sijawahi kurudi.

Nakumbuka kaburi liko wapi. Ukitoka mpakani Rusumo liko kushoto, juu ya kilima nyuma ya kanisa, mahali ambapo mtu akisimama anaiona Rwanda. Leo mchana, mlipokuwa mkikunja nguo, nilishuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo nikakata tiketi kwenye basi lako, ya kuishia njia panda ya Ngara. Mama yako nimeshamwambia. Alikwenda kunipigia pasi shati. Kesho tutakaa kiti kimoja, na nikishuka nitakupa barua hii mkononi, uisome ukishaniacha nyuma.

Wewe utaendelea na safari yako. Mimi nitapanda kile kilima, nitavua kofia, nitakaa karibu na baba yangu. Ataniuliza nimeshindaje, na safari hii nitamjibu kwa Kinyarwanda.

Baba yako,
Faustini